Victoria Falls na Chobe kwa siku nne: mwongozo wa safari fupi ya maporomoko na tembo

Kuna kona moja kusini mwa Afrika ambako Zambia, Zimbabwe, Botswana na Namibia zinakaribia kugusana. Hapo ndipo mtu mwenye siku nne tu anaweza kuona maporomoko makubwa ya mto Zambezi na makundi ya tembo wa Chobe bila kupanda ndege ya pili. Kutoka mji wa Victoria Falls hadi Kasane, mji ulio mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Chobe, ni kilomita 80 hivi za lami. Kwa aliyezoea kukaa siku nzima barabarani kati ya Arusha na Serengeti, hiyo ni safari ya kwenda sokoni.

Kinachoharibu safari hii mara nyingi si umbali wala bei, ni mwezi. Maporomoko yanapendeza mto ukijaa. Tembo nao wanajaa kandokando ya mto pale ambapo porini hakuna tena pa kunywa. Kalenda hizi mbili zinakwenda kinyume, na kampuni ya utalii haitakwambia, maana inauza mwaka mzima.

Kwanza: chagua mwezi, kampuni baadaye

Mvua huku hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi, lakini mto haujai siku ile ile mvua inaponyesha. Zambezi inaanzia kaskazini-magharibi mwa Zambia, inapita Angola, kisha inarudi Zambia na kutanda juu ya tambarare za Barotse. Tambarare zile zinashika mafuriko kama sifongo na kuyaachia polepole, kwa wiki nyingi. Ndiyo maana kilele cha maji kwenye maporomoko huwa karibu na Aprili, wakati mbingu ya Victoria Falls imekwisha kuwa nyeupe.

Aprili na Mei utasikia ngurumo kifuani, utalowa hadi mfupa, na pengine hutaona kitu. Manyunyu yanapanda juu mamia ya mita na kufunga korongo lote kama pazia. Wakati huo helikopta ndiyo yenye thamani ya hela yake, kwa sababu juu tu ndiko unakoona umbo zima. Chobe nako nyasi ni ndefu, na tembo wengi wako ndani msituni wakinywa kwenye madimbwi ya mvua.

Agosti na Septemba mambo yanageuka. Madimbwi yamekauka, tembo, nyati na pundamilia wanashuka mtoni kila alasiri. Upande wa Zimbabwe bado kuna maji ya kutosha, na sasa unaona ukuta wa mwamba na maji yanayouteremkia kwa pamoja. Upande wa Zambia maji yanaanza kuwa nyuzinyuzi.

Oktoba na mwanzo wa Novemba ni joto kali, linaweza kufika nyuzi 40. Chobe hujaa wanyama kuliko wakati mwingine wowote, hadi mvua ya kwanza inyeshe. Ikinyesha vizuri, wanatawanyika ndani ya siku chache. Ukuta wa upande wa Zambia kipindi hiki unaweza kuwa jiwe tupu kwa mamia ya mita. Sababu ni mbili: sakafu ya mto upande wa mashariki iko juu kidogo, kwa hiyo maji yakipungua yanakimbilia magharibi, na kituo cha umeme cha Zambia kinachukua maji yake juu kidogo tu ya maporomoko hayo hayo ya mashariki. Watu wanaofika Livingstone, mji wa upande wa Zambia, mwezi wa Oktoba na kulipa kiingilio bila kuuliza hujihisi wametapeliwa. Hawakutapeliwa, walikosea upande wa mto.

Desemba hadi Machi ni kijani, ndege ni wengi, bei hupungua, na wanyama wametawanyika.

Kwa anayekwenda mara moja katika maisha yake, chukua kipindi cha katikati ya Julai hadi katikati ya Agosti. Hutapata kilele cha maji wala kilele cha tembo, ila utapata kiasi kizuri cha vyote viwili na anga safi. Ubaya wake ni baridi, tutaifikia.

Kama tarehe zako zinaweza kusogezwa, tazama pia tarehe za mwezi mpevu. Usiku wa mwezi mpevu na ule unaotangulia na kufuata, hifadhi ya maporomoko hufunguliwa usiku kwa ajili ya upinde wa mvua wa mwezi. Unahitaji maji mengi ili uonekane, kwa hiyo ni jambo la Aprili hadi Julai. Kwa macho utauona mweupe-mweupe. Rangi zinatoka kwenye kamera yenye stendi, ikiachwa wazi kwa sekunde kadhaa.

Pili: pasipoti, kadi ya njano na watoto

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya huingia Zambia, Zimbabwe na Botswana bila kuomba viza. Wenye pasipoti za Ulaya au Amerika ya Kaskazini, wakiwemo ndugu zetu waliobadili uraia, waangalie nchi moja moja, na waulize kuhusu viza ya pamoja iitwayo KAZA. Ni dola 50 za Kimarekani, siku 30, kwa Zambia na Zimbabwe, na inakuruhusu kwenda Botswana kupitia mpaka wa Kazungula na kurudi siku hiyo hiyo. Neno la kushika hapo ni "siku hiyo hiyo". Ukilala Kasane, kwa hesabu ya viza hiyo umeondoka, na kurudi Zimbabwe unaweza kutakiwa kulipa upya. Mpango wa siku nne ulio hapa chini una usiku mmoja Kasane, kwa hiyo piga hesabu hiyo mapema.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ubebe, hata kama mwenzako alipita bila kuulizwa. Anayetoka au anayepitia nchi yenye ugonjwa huo anaweza kuzuiwa mpakani, na chanjo lazima iwe imepigwa angalau siku 10 kabla.

Botswana ni wakali kuhusu watoto. Mtoto wa chini ya miaka 18 anatakiwa awe na cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote wawili, pamoja na pasipoti. Akisafiri na mzazi mmoja, beba kiapo cha ridhaa cha mzazi mwingine. Familia hurudishwa Kazungula kwa karatasi hii moja.

Malaria ipo pande zote tatu. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa huwa hajali, na mtu aliyekaa Ulaya miaka kumi hudhani damu yake bado inakumbuka. Kinga hiyo hupungua ukikaa mbali na malaria. Muulize daktari kuhusu dawa za kuzuia kabla ya kuondoka, kwa sababu nyingine huanzwa siku moja au mbili kabla na nyingine wiki kadhaa.

Tatu: njia ya kufika

Kuna viwanja viwili vya ndege vya kuchagua. Victoria Falls, upande wa Zimbabwe, uko kilomita 20 hivi kusini mwa mji. Livingstone, upande wa Zambia, uko karibu kabisa na mji. Kutoka Afrika Mashariki njia ya kawaida ni kupitia Nairobi, Addis Ababa au Johannesburg. Tazama nauli za viwanja vyote viwili, kwa sababu kati yao ni daraja moja tu na muhuri wa pasipoti.

Kwa barabara kutoka Dar es Salaam ni Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, Lusaka, kisha kilomita 470 hivi hadi Livingstone. Inawezekana, na ni rahisi kwa hela, lakini hesabu siku mbili au zaidi hadi Lusaka na siku nyingine hadi Livingstone. Treni ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ni safari nzuri yenyewe. Usiiunganishe na tikiti ya helikopta yenye tarehe.

Ukifika, rudisha saa yako nyuma kwa saa moja. Nchi zote hizi ziko saa moja nyuma ya Afrika Mashariki. Na kumbuka hakuna anayehesabu saa kwa Kiswahili: ukimwambia dereva "saa moja", yeye anasikia saa saba mchana. Andika 07:00 kwenye karatasi. Humu tunatumia saa zetu.

Nne: hela

Zimbabwe dola ya Kimarekani inatumika kila mahali, ingawa nchi ina sarafu yake, ZiG, iliyoanza Aprili 2024. Zambia ni kwacha, Botswana ni pula, neno ambalo kwa Kisetswana ni mvua. Nchi kame haikukosea kuita pesa hivyo. Beba noti ndogo za dola 1, 5 na 10, nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu chenji ni shida ya kudumu Victoria Falls. Noti iliyochanika, kuandikwa au kuchakaa itakataliwa.

Bei unayopewa mtandaoni mara nyingi haina ada ya hifadhi, wala ada ya mto kwa safari za boti. Uliza kwa maandishi: "Ada zote zimo?" Kwenye geti la maporomoko upande wa Zimbabwe, raia wa nchi za SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, hulipa kidogo kuliko mgeni wa kimataifa. Mtanzania na Mkongomani wamo SADC. Mkenya, Mganda, Mnyarwanda na Mrundi hawamo. Beba pasipoti yenyewe hadi getini, picha ya simu haitoshi.

Vijana mitaani watakuuzia noti za zamani za Zimbabwe, za mabilioni na matrilioni. Ile ya trilioni 100 ya mwaka 2009 ni ya kweli katika historia, lakini zinazouzwa barabarani si zote za kweli. Nunua kwa kupenda, usinunue kwa kudhani utaiuza.

Tano: mpangilio wa siku nne

Siku ya 1: fika, pumzika, panda boti ya machweo kwenye Zambezi juu ya maporomoko. Inachukua muda wa saa mbili hivi. Mwezi Juni na Julai jua huzama karibu saa 12 kasorobo, kwa hiyo boti ya saa 10 jioni ndiyo sahihi. Jua likizama baridi inashuka mara moja; koti liwe mkononi.

Siku ya 2: maporomoko, kisha daraja.

Siku ya 3: asubuhi vuka Kazungula kwenda Kasane, alasiri boti ya Chobe, lala Kasane.

Siku ya 4: mzunguko wa gari hifadhini alfajiri, rudi Victoria Falls kuwahi ndege ya alasiri, au ulale usiku mmoja zaidi kama ratiba haibani.

Wengi huuziwa Chobe ya siku moja: kuchukuliwa saa 1 asubuhi, boti, chakula cha mchana, gari, kurudi jioni. Si mbaya, na kwa mwenye viza ya KAZA ndiyo njia rahisi. Ila tazama saa. Ukivuka mpaka asubuhi, boti yako inakuwa kwenye saa 4, wakati tembo wengi bado wako ndani. Gari nalo linaingia hifadhini mchana, simba wakiwa wamelala vichakani. Kulala usiku mmoja kunageuza mpangilio uwe sawa: gari alfajiri, boti alasiri.

Sita: kuyatembelea maporomoko

Jina la wenyeji ni Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kuuona "moshi" mle ndani. David Livingstone aliyafikia Novemba 1855 na kuyapa jina la malkia wake. Upana ni mita 1,708, na kimo chake pale panapoporomoka zaidi ni mita 108.

Anza na upande wa Zimbabwe. Ndio unaotazama sehemu kubwa ya ukuta uso kwa uso, na una maji mwaka mzima. Njia ni ya miguu, imesakafiwa sehemu nyingi, na vituo vya kutazamia vimepewa namba. Tenga saa mbili na nusu hadi tatu. Geti hufunguliwa asubuhi mapema; kufika wakati huo kunakupa saa nzima kabla ya mabasi.

Watu wengi hufuata namba kuanzia 1. Asubuhi fanya kinyume. Upinde wa mvua unatokea mbele yako jua likiwa mgongoni, na asubuhi jua liko mashariki. Kwa hiyo tembea kwanza hadi mwisho wa mashariki, kule Danger Point, halafu rudi ukitazama magharibi. Alasiri mambo ni kinyume chake: simama kituo cha 1, kwenye Devil's Cataract, utazame mashariki kando ya korongo. Anayesimama hapo saa 1 asubuhi anapiga picha ya jua machoni, kisha analaumu simu yake.

Danger Point haina uzio na mawe yake huwa na utelezi wa kudumu. Sandali laini za plastiki ndizo zinazoangusha watu. Vaa viatu vya mpira vyenye meno, vya kulowa.

Kuhusu kulowa: kati ya Machi na Juni koti la mvua la kukodi getini litakufunika kifua tu. Simu, pasipoti na hela viwe kwenye mfuko usiopitisha maji, na huo uwe ndani ya mfuko mwingine. Usibadilishe lenzi ya kamera ukiwa msituni mle. Beba kitambaa kikavu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, maana kitambaa kilicholowa kinapaka maji tu. Na tikiti ni ya kuingia mara moja. Ukitoka kwenda kula, umetoka.

Nyani hawaogopi mtu. Wanajua mlio wa mfuko wa plastiki kuliko mlinzi wa geti. Usibebe chakula mkononi, na nyani akishika mfuko wako, mwachie. Meno yake ni marefu kuliko ya mbwa.

Ukitaka kuvuka hadi Zambia siku hiyo hiyo, njia ni darajani. Daraja hili la chuma lilifunguliwa Septemba 1905 na linapita mita 128 juu ya maji. Cecil Rhodes, mkoloni tajiri wa Kiingereza, ndiye aliyetaka reli ipite karibu kiasi cha mabehewa kunyunyiziwa na maporomoko, naye alikufa mwaka 1902 bila kuyaona. Asiyetaka kuvuka mpaka aombe kwa maofisa wa uhamiaji kikaratasi cha kwenda darajani tu. Hugongwi muhuri, unatembea, unatazama wanaoruka na kamba mita 111, unarudi. Usikipoteze, kwa sababu ndicho kinachokurudisha.

Upande wa Zambia una mambo mawili yasiyopatikana ng'ambo: daraja la miguu la Knife Edge, linalopita mbele ya maporomoko ya mashariki, na njia ya kushuka hadi Boiling Pot, chini kabisa ya korongo. Kushuka ni rahisi, kupanda kunakula saa nzima kwa asiye na mazoezi. Kiangazi maji yakipungua, takriban Agosti hadi Januari, kuna safari za kuongozwa hadi kisiwa cha Livingstone na kuogelea Devil's Pool, kwenye ukingo wenyewe. Waongozaji wanajua mwamba uko wapi. Usijaribu kutembea juu ya ukingo na kijana uliyekutana naye njiani, hata kama anaonekana mwenyeji wa kweli. Maji yanaweza kupanda, na mamba wapo.

Helikopta ya dakika 12 hadi 15 inaonyesha kitu ambacho ardhini hukioni: korongo linakwenda zigizaga chini ya maporomoko, na kila mkunjo ulikuwa ukuta wa maporomoko zamani za kale, kabla mto haujala mwamba na kurudi nyuma. Viti hupangwa kwa uzito, kwa hiyo usitegemee kuchagua dirisha. Vaa nguo nyeusi. Shati jeupe linaakisiwa kwenye kioo na kuharibu picha.

Saba: Kazungula

Kutoka Victoria Falls hadi kituo cha mpaka ni kilomita 70. Gari la Zimbabwe mara nyingi hukuacha pale, unagonga muhuri wa kutoka, kisha gari la Botswana linakuchukua upande wa pili. Kwa hiyo mizigo inahamishwa. Begi laini la kilo 12 hadi 15 linakaa vizuri. Sanduku gumu la magurudumu makubwa ni adhabu kwenye boti na kwenye mchanga.

Botswana inaogopa ugonjwa wa midomo na miguu wa ng'ombe. Utaambiwa ukanyage mkeka wenye dawa, wakati mwingine pamoja na viatu vya akiba vilivyomo kwenye begi. Nyama mbichi na maziwa usibebe.

Anayetoka Livingstone anapita njia nyingine: daraja la Kazungula, lililofunguliwa Mei 2021, mita 923, kati ya Zambia na Botswana moja kwa moja. Limejengwa kwa mpindo ili lisiguse ardhi ya Zimbabwe. Kabla yake kulikuwa na pantoni, na malori yalisubiri kwa siku kadhaa.

Simu yako hapa itarukaruka kati ya mitandao ya nchi nne. Zima data ya kimataifa kabla ya kufika.

Nane: Chobe

Usitegemee Serengeti. Hapa ni msitu wa mopane na miti mikubwa, huoni mbali, na nguvu yote iko kwenye ukanda mwembamba wa mto. Mwongozaji mzuri hakimbizi gari. Anasimama, anasikiliza ngedere na ndege wanapiga kelele wapi.

Magari ni ya wazi, hayana milango wala vioo, tofauti na Land Cruiser zetu za kufungua paa. Mnyama analiona gari na watu kama umbo moja. Ukisimama au ukitoa mkono nje, umbo linavunjika. Kaa kitini, sema kwa sauti ya chini, kofia ifungwe. Kiti cha nyuma kinaona vizuri zaidi na kinarusha zaidi; mwenye mgongo mbovu akae safu ya kwanza.

Baridi ya gari la wazi haizoeleki. Juni na Julai alfajiri inaweza kushuka chini ya nyuzi 8, na gari likitembea upepo unazidisha. Koti zito, kofia ya sufu, glavu. Kampuni nzuri huweka blanketi kwenye kila kiti, uliza. Saa 4 asubuhi utakuwa umebaki na shati, kwa hiyo vaa tabaka juu ya tabaka. Rangi ziwe za kahawia au kijani kibichi, lakini nguo za jeshi zenye mabaka acha nyumbani. Nchi hizi tatu zinakataza raia kuzivaa, na marufuku hiyo inamhusu mtalii pia.

Boti ya alasiri ndiyo kilele. Chagua boti ndogo ya watu 10 hadi 16, yenye kina kifupi, inayoweza kusogea hadi ukingoni. Meli za ghorofa mbili zina choo na vinywaji, na zinabaki katikati ya mto. Ondoka saa 9 alasiri, rudi kabla ya giza. Mtazunguka kisiwa cha Sedudu, ambacho Namibia iliita Kasikili na kukidai, hadi mahakama ya kimataifa ya The Hague ilipokipa Botswana Desemba 1999. Tembo hawakusubiri hukumu: wanaogelea kwenda kule kula nyasi, mkonga juu, watoto katikati ya mstari.

Mbali na tembo tazama viboko nje ya maji, mamba, nyati, tandala, palahala, na furukombe juu ya matawi makavu. Mtanzania wa Kilombero atamtambua sheshe, aina ya swala. Huku anapatikana kwenye ukanda huu mdogo wa mto, na Botswana yote hana makazi mengine. Usije kwa ajili ya kifaru. Anayemtaka aongeze nusu siku kwenye hifadhi ndogo ya Mosi-oa-Tunya, upande wa Zambia, ambako kuna vifaru weupe na mnatembea kwa miguu na askari wenye silaha.

Darubini ya 8x42 moja kwa kila watu wawili, isiwe moja kwa familia. Chaji za simu: plagi yetu ya pini tatu za mraba inafaa Zimbabwe na Zambia, Botswana utakuta pia soketi za pini nene za mviringo, kwa hiyo beba adapta. Umeme hukatika, beba benki ya chaji.

Jioni usitembee kwa miguu Kasane wala Victoria Falls, hata mita 300 kutoka mgahawani. Tembo na viboko hupita mitaani usiku, na kimya cha tembo gizani ni kamili. Teksi ni dola chache.

Tisa: kurudi

Mzunguko wa alfajiri huisha kama saa 3 na nusu. Kuoga, kula, kuondoka Kasane saa 5. Mpaka unaweza kukuchukua nusu saa au saa moja na nusu, ikitegemea mabasi yaliyokutangulia. Kisha kilomita 70 hadi mjini, na nyingine 20 hadi uwanjani. Ndege ya kabla ya saa 9 alasiri ni kamari. Saa 10 ni salama. Bakshishi ya mwongozaji, kati ya dola 5 na 10 kwa mtu kwa siku, mpe kabla hujafika mpakani, kwa sababu huyo wa Botswana anaishia hapo na ng'ambo unakabidhiwa kwa dereva mwingine.